Nyumba Imekwama, Riba Inakwenda: Mwongozo kwa Aliyekopa Benki Kununua Nyumba Mtwara au Lindi

Riba ya mkopo wa nyumba huanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka benki, si siku unapokabidhiwa funguo. Wanunuzi wengi huligundua hilo wakiwa wamechelewa: muuzaji amegeuka, au ndugu wa marehemu wameweka pingamizi, au hati imekutwa na zuio, na wakati watu wanavutana barazani taarifa ya akaunti inaonyesha deni linakua kila siku. Benki haina ugomvi na mtu. Imetoa fedha, inahesabu siku.

Kwa hiyo ununuzi ukivunjika, kazi yako ya kwanza ni kuisimamisha hesabu hiyo. Kumtafuta mkosaji kuna siku yake, na madai yake tutayafikia.

Kwanza jua fedha iko wapi

Kila kitu kinategemea jibu la swali hili, na usilijibu kwa kukisia. Nenda tawini, omba taarifa ya akaunti ya mkopo (si ile ya akaunti yako ya kawaida ya akiba), uangalie tarehe ya kutolewa kwa fedha na akaunti iliyopokea. Utakuta moja kati ya hali hizi.

Hali nyepesi kuliko zote ni mkopo ulioidhinishwa lakini fedha haijatoka. Umesaini barua ya ofa, pengine benki imeshampa muuzaji barua ya ahadi kwamba italipa uhamisho wa hati ukikamilika. Hapo hakuna riba. Ulichopoteza ni ada ya kushughulikia mkopo, gharama ya mthamini na malipo ya wakili. Andika barua ya kuondoa ombi lako, kisha hakikisha nakala halisi ya barua ya ahadi inarudi kutoka kwa muuzaji. Watu huisahau karatasi hii, na benki haiwezi kulifunga faili huku ahadi yake ikiwa bado mkononi mwa mtu mwingine.

Hali ya pili: fedha imetoka, imeingia kwenye akaunti yako lakini imefungiwa, au iko kwenye akaunti ya amana ya wakili. Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Mtu anaona fedha ipo, haigusiki, anadhani bado haijakopwa. Imekopwa, na riba yake inakwenda kama ya aliyekwishalala kwenye nyumba. Uzuri wake ni kwamba dawa yake inaweza kuwa kazi ya siku moja.

Ya tatu ndiyo ngumu. Nyumba ya muuzaji ilikuwa rehani benki nyingine, na benki yako imelipa huko kuikomboa hati. Deni la muuzaji limefutika kwa fedha zako, naye sasa anasema hauzi, au mkewe amekataa kusaini. Silaha yako hapa ni hati yenyewe. Siku hiyohiyo iandikie benki yako, na nakala kwa benki iliyolipwa, ukiomba hati isikabidhiwe kwa muuzaji mpaka fedha irudi. Kwa kawaida benki hizi mbili hupeana ahadi ya maandishi kuhusu hati kabla fedha haijahama. Omba kuiona ahadi hiyo, na uone inasema nini endapo uhamisho hautakamilika.

Ya nne ni fedha iliyokwisha kuingia kwenye akaunti ya muuzaji. Riba inakwenda, na kuirudisha kunategemea utu wake au nguvu ya mkataba wako.

Kuna kundi la tano ambalo huku kwetu pengine ndilo kubwa: walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri ambao hawakuchukua mkopo wa nyumba hata kidogo. Wamechukua mkopo wa mshahara na kununulia nyumba. Benki hapo haijui nyumba yoyote. Ununuzi ukivunjika, kwake hakuna kilichovunjika, na makato ya mshahara yanaendelea. Hatua za kurudisha fedha zilizo hapa chini zinakuhusu, lakini usitegemee benki ikusikilize kwa sababu ya nyumba. Utahesabiwa kama mteja anayelipa mkopo kabla ya muda wake.

Hesabu ya siku moja

Chukua nyumba ya shilingi 75,000,000. Una milioni 15 zako, benki inakukopesha milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 20, riba ikitozwa kwenye salio linalopungua.

Riba ya mwaka: 60,000,000 × 15 ÷ 100 = 9,000,000.
Riba ya siku: 9,000,000 ÷ 365 = 24,657.53.

Andika namba hiyo ya siku kwenye karatasi na utembee nayo. Ndiyo itakayokuambia kama safari ya Dar es Salaam kwenda kumbembeleza muuzaji ina faida. Fedha ikitoka tarehe 4 Machi na kurudi tarehe 10 Aprili, ni siku 37, sawa na shilingi 912,329. Soma pia kwenye barua ya ofa kama benki yako inagawa kwa siku 365 au 360. Kwa 360, siku moja ni shilingi 25,000 kamili, na siku 37 ni 925,000. Tofauti ni ndogo, lakini ukidai kwa hesabu ambayo si ya mkataba wako, barua yako yote itaonekana haina msingi.

Sasa ona kwa nini kusema "acha nilipe marejesho tu huku nikisubiri" ni mzigo. Rejesho la mkopo huu ni kama shilingi 790,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 750,000 ni riba, na 40,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Ukilipa miezi mitatu, umetoa zaidi ya 2,370,000, na deni limeshuka kwa takriban 122,000. Nyumba huna, na benki bado inakudai karibu milioni 59.9.

Ukitaka kujua gharama ya wikiendi: fedha iliyorudishwa Ijumaa jioni baada ya saa za benki kufunga miamala huingia Jumatatu. Siku tatu hizo ni shilingi 73,973. Kwa hiyo fika tawini asubuhi.

Kama mkataba wako ni wa riba bapa, yaani riba inayopigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo bila kujali umelipa kiasi gani, hesabu hii haikufai. Hapo muulize afisa mikopo swali moja kwa maandishi: nikirudisha fedha yote leo, nadaiwa shilingi ngapi? Usikubali jibu la mdomo.

Siku tatu za kwanza

1. Andika barua kwa meneja wa tawi, siku ileile unapojua mambo yameharibika. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ikiwa na tarehe, ubaki nayo. Ujumbe wa simu kwa afisa mikopo hauhesabiki, hata kama mnaitana shemeji. Maneno ya barua yana uzito: usiseme unataka "kulipa mkopo kabla ya muda". Sema ununuzi haukukamilika, unaomba utoaji wa fedha ubatilishwe na mkopo ufutwe. Mikataba mingi ina adhabu ya kulipa mapema. Ikiwa ni asilimia 2, kwa milioni 60 ni shilingi 1,200,000, na inazidi riba ya siku 37 tuliyoipiga hapo juu. Anayelipa mapema amenufaika na mkopo kisha ameuacha. Wewe hujanufaika. Benki inaweza kukubali au kukataa hoja hiyo, lakini ukijiandikia mwenyewe kwamba unalipa mapema umeshaipoteza kabla haijasikilizwa.

2. Katika barua hiyohiyo omba mambo matatu kwa maandishi: kiasi kamili cha kufunga mkopo hadi tarehe unayoitaja, riba ya kila siku itakayoongezeka baada ya tarehe hiyo, na akaunti ya kurudishia. Bila hayo utarudisha milioni 60 kamili, zibaki laki tisa za riba, nazo zianze kuzaa riba na adhabu ya kuchelewa.

3. Rudisha kilichopo bila kusubiri kilichobaki. Hili watu hulipinga kwa sababu linaonekana kama kulipa deni la muuzaji. Tuseme milioni 20 zilikwenda kukomboa hati na milioni 40 bado zimefungiwa. Ukirudisha zile 40 leo, riba inashuka kutoka 24,657 hadi 8,219 kwa siku. Ukisubiri zikamilike zote, unalipia fedha iliyolala.

4. Kama fedha iko benki nyingine au kwa wakili, itumwe kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki na benki, ambayo hufika siku hiyohiyo ikiwahi muda. Hundi huchukua siku zaidi, na kila siku ina bei. Omba uthibitisho wa muamala wenye tarehe na saa.

5. Simamisha bima. Mkopo wa nyumba huja na bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto ya jengo, mara nyingi ada ya mwaka mzima hukatwa mbele. Andika kuomba sehemu ya muda usiotumika irudishwe. Usipoomba, uwezekano wa mtu kukukumbuka ni mdogo.

6. Wenye mkopo wa mshahara wapeleke barua pia kwa mwajiri, kitengo cha utumishi, wakiambatanisha barua ya benki kwamba deni limekwisha. Orodha ya makato ya mwezi ikishafungwa, kato linaweza kupita tena mwezi huo hata kama deni ni sifuri. Kilichozidi kinarudishwa, ila kwa kukidai.

Maamuzi ya mkopo wa nyumba mara nyingi hayatoki tawini Mtwara au Lindi, hutoka makao makuu, Dar es Salaam. Faili linakwenda na kurudi. Muulize meneja jina la kitengo linakokwenda, na utume nakala ya barua yako kwa baruapepe wakati huohuo. Usitegemee bahasha ya basi. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, na aliyekuwa na karatasi zake njiani alisubiri pamoja na abiria.

Riba ya kulipa na riba ya kukataa

Tuseme ukweli usiopendeza: fedha iliyotoka kwa maelekezo uliyoyasaini, ikakaa nje ya benki siku 37, riba yake ni halali. Unaweza kuomba huruma, lakini hudai haki. Nguvu zako ziweke kwenye mambo haya.

Fedha kutoka kabla ya masharti kutimia. Barua ya ofa huwa na ukurasa unaoorodhesha yanayotakiwa kabla fedha haijatolewa: upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, ridhaa ya mwenza wa muuzaji, risiti ya kodi ya pango la ardhi, uthamini, idhini ya uhamisho. Ikiwa benki ilitoa fedha huku moja halijatimia, na lile ndilo lililovunja ununuzi, basi kosa ni lake. Taja namba ya kipengele, taja tarehe ya kutolewa kwa fedha, omba riba yote ifutwe.

Siku za uzembe. Umerudisha fedha tarehe 10, benki ikaiingiza kwenye mkopo tarehe 16 kwa sababu "mfumo" au "makao makuu". Siku hizo sita, shilingi 147,945, si zako. Muhuri kwenye barua yako na uthibitisho wa TISS ndivyo vitakavyozungumza.

Riba juu ya fedha ambayo haikutoka. Benki nyingine hutoza ada ya kuitunza ahadi ya mkopo ambao haujachukuliwa. Hiyo ni ada, si riba, na lazima iwe imeandikwa kwenye ofa. Ukiona riba imepigwa kwenye mkopo ulioidhinishwa tu, ikatae.

Adhabu ya kuchelewa iliyopigwa baada ya barua yako ya kubatilisha kupokelewa. Hii ikiombewa vizuri huwa na nafasi nzuri ya kuondolewa, kwa sababu benki ilikwisha kujua jambo lipo mezani.

Ada ya kushughulikia mkopo ina sura tofauti na riba. Kazi ya kuchambua maombi ilifanyika, kwa hiyo kurudishiwa ni nadra. Kumbuka pia kwamba ada za benki hubeba VAT wakati riba haibebi. Unapojumlisha hasara yako, soma kiasi kilichokatwa kweli kwenye taarifa ya akaunti badala ya kupiga asilimia mwenyewe.

Waliotumia huduma za kibenki za Kiislamu hawana hesabu ya siku kwa siku. Katika murabaha benki hununua nyumba kisha ikakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida. Kama muuzaji amegeuka kabla benki haijanunua, hakuna bei unayodaiwa, isipokuwa gharama halisi zilizotumika endapo ahadi yako ya kununua inasema hivyo. Soma ahadi hiyo, maana ndiyo inayokufunga kabla ya mkataba wa mauzo.

Kumdai muuzaji

Riba uliyoilipa benki inaweza kuwa hasara ya kumdai aliyevunja mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko kwa njia ya kawaida, au ambayo pande zote zilijua wakati wa kusaini kwamba ingetokea. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaangusha wengi. Kama mkataba wenu wa mauzo hautaji kabisa kwamba unanunua kwa mkopo, muuzaji atasema hakujua habari za riba. Kama umetaja, hana pa kutokea.

Halafu kuna suala la karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi, mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi haushikiki mahakamani. Mapatano ya barazani mbele ya dalali na kahawa hayatoshi, hata kama mashahidi ni watu wa heshima zao.

Barua ya madai iwe fupi na yenye namba. Orodhesha fedha uliyompa na tarehe zake; arubuni, yaani malipo ya awali; riba ya benki kwa siku ngapi na kiasi gani kwa siku; ada ya mkopo; mthamini; wakili; bima isiyorudishwa. Ambatanisha taarifa ya akaunti ya mkopo. Mpe siku 14, na useme wazi kwamba riba inaendelea kuongezeka kwa shilingi kadhaa kila siku mpaka atakapolipa. Muuzaji akiona 8,219 kwa siku imeandikwa, husikia tofauti na akisikia "nilipe fedha zangu".

Jihadhari na jibu moja maarufu huku kwetu: "Subiri korosho." Minada huanza Oktoba. Tuseme umekubali tarehe 1 Juni, ana milioni 20 zako, atakulipa tarehe 31 Oktoba. Ni siku 152, riba yake shilingi 1,249,315. Unaweza kukubali, pengine ndilo jibu la kweli pekee alilonalo, lakini makubaliano hayo yaandikwe upya, yabebe riba hiyo juu yake, na hati au mali nyingine ishikwe kama dhamana. Mavuno yakiwa mabaya au malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yakichelewa, tarehe haisogei bila yeye kulipia.

Akikaidi, usikimbilie kufungua shauri mahali popote palipo karibu. Migogoro ya umiliki wa ardhi huanza kwa usuluhishi Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini dai la kurudishiwa fedha za mkataba uliovunjika linaweza kuonekana ni deni la kawaida na kutakiwa mahakamani. Ukifungua pasipo pake shauri litatupwa, na riba haitasimama kusubiri ulifungue tena. Mlipe wakili kwa ushauri wa swali hili moja kabla ya yote. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, ila mwenye mkopo hana sababu ya kuutumia.

Kama nyumba bado unaitaka na muuzaji anatafuta mnunuzi mwingine, wakili anaweza kukuwekea zuio kwenye daftari la Msajili wa Hati ili asiihamishe kimyakimya. Pima kwanza: zuio linalinda nyumba, halisimamishi riba.

Mambo yanayovunja ununuzi Mtwara na Lindi

Sababu ya kwanza kwa uzito ni mirathi. Nyumba ya Mikindani au ya Mtanda imeandikwa jina la marehemu, anayeuza ni mtoto mmoja, au mpwa, kwa sababu kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera upande wa mama una sauti yake kwenye mali ya ukoo. Wajomba wanajitokeza siku ya kusaini. Muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Barua ya ukoo peke yake haitoshi, na mhuri wa serikali ya mtaa haubadilishi hilo. Taka kuona uteuzi wa mahakama kabla ya kulipa mthamini.

Mwenza ndiye anayefuata. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji mwenye wake wawili alete ridhaa ya kila mwenye makazi hapo. Mwite mwenza mwenyewe asaini mbele ya wakili, si kwa karatasi iliyokwenda nyumbani ikarudi na saini.

Tatu, uthamini kuwa chini ya bei. Tangu msisimko wa gesi wa 2012 na 2013, wako wenye nyumba Mtwara ambao bei za wakati ule hazijawatoka kichwani, na Lindi habari za mradi wa gesi wa Likong'o zina athari hiyohiyo. Benki hupiga mkopo wake kwenye kile kilicho kidogo kati ya bei na thamani. Nyumba ya milioni 75 ikithaminiwa milioni 66, asilimia 80 inayokopeshwa na benki katika mfano wetu si milioni 60 tena, ni 52.8. Pengo la milioni 7.2 ni lako, na ununuzi mwingi hufia hapo. Afadhali ufie hapo kuliko fedha ikishatoka.

Mengine ni ya kukagua kwa miguu na kwa upekuzi. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba ya ufukweni, Shangani kwa mfano: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kiwanja cha pembeni mwa mji ambacho hakijapimwa na kina karatasi ya mauziano tu, ambacho benki nyingi hazitakipokea kama rehani. Pango la ardhi la miaka mingi halijalipwa. Upekuzi ufanywe mara mbili, mwanzoni na tena siku chache kabla fedha haijatoka, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati.

Vifungu vya kuweka kwenye mkataba unaofuata

Wakili wako atavipamba, lakini kiini chake kiwe hivi:

"Muuzaji anatambua kwamba Mnunuzi analipa kwa mkopo wa benki unaotozwa riba ya asilimia ___ kwa mwaka, sawa na shilingi ___ kwa siku, kuanzia siku fedha inapotolewa."

"Uhamisho usipokamilika ndani ya siku ___ kwa sababu itokayo kwa Muuzaji, Muuzaji atarudisha fedha zote ndani ya siku 7, pamoja na riba ya benki ya kila siku hadi siku ya kurudisha, na gharama za mkopo zenye risiti."

"Arubuni itarudishwa yote ikiwa benki itakataa mkopo au uthamini utakuwa chini ya bei."

Kifungu cha tatu wauzaji hukipinga. Ng'ang'ania. Bila hicho, benki ikikataa wewe ndiye uliyevunja mkataba. Na muuzaji akitaka adhabu kubwa iandikwe upande wako, kumbuka mahakama huangalia fidia iliyo ya haki, haitoi kila kiasi kilichoandikwa.

Upande wa benki, omba fedha itolewe baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa, muuzaji akiwa ameshika barua ya ahadi. Muuzaji akisema hataki karatasi anataka fedha, mweleze kwamba barua ya ahadi ni deni la benki kwake. Ikibidi fedha itoke mapema kukomboa hati, itoke kiasi cha kukomboa tu, siyo yote.

Benki isipojibu

Lalamiko la kwanza hupelekwa kwenye benki yenyewe, kitengo cha malalamiko, kwa maandishi, ukitaja kiasi unachobishania. Usiandike "riba ni kubwa". Andika "riba ya tarehe 10 hadi 16 Aprili, shilingi 147,945, ilitozwa baada ya fedha kurudi". Usiporidhika, lipeleke Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na tawi lake lipo Mtwara mjini. Wa Lindi si lazima wasafiri, barua na viambatanisho vinatosha. Waliokopa SACCOS njia yao ni nyingine: Afisa Ushirika, na juu yake Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Kufunga faili

Deni likiisha, usiondoke na neno la afisa. Chukua barua ya kutodaiwa yenye namba ya mkopo. Kama rehani ilikwisha kusajiliwa, benki itoe hati ya kuiondoa na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Baada ya mwezi hivi, omba taarifa yako kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo uone mkopo umefungwa. Ukisomeka bado wazi, benki utakayokwenda kwa nyumba nyingine itakuhesabu una deni la milioni 60, na kwa mtumishi anayepaswa kubakiwa na theluthi ya mshahara hilo pekee linatosha kunyimwa. Marekebisho huombwa kwa benki iliyotuma taarifa, nakala ya barua ya kutodaiwa ikiambatanishwa.